Pawatila inatoa moshi, haina nguvu, inakula oili: pima kabla hujafungua injini

"Fundi, ringi zimekwisha. Fungua tu." Wengi hunisalimia hivyo wanaposhusha mlangoni injini ya pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili, matope ya jarubani yakiwa bado yamegandia kwenye mguu wake. Huwa sifungui. Naomba kwanza kitambaa cheupe, spana namba 17 na saa moja ya subira. Injini nyingi nilizoletewa hapa Usangu, mkoani Mbeya, kwa jina la "ringi", zile pete za pistoni, zilikuwa na tatizo la nozeli inayopuliza dizeli kwenye silinda, chujio au upepo kwenye dizeli. Na zile zilizokuwa zimechoka kweli, karibu zote ziliuliwa na vumbi wala si na kazi. Ukifungua injini bila kujua ipi ni ipi, utanunua vifaa vya bei na tatizo utalirudisha ndani pamoja navyo.

Injini ninayoisemea ni ile ya dizeli ya silinda moja inayolala, inayopoozwa kwa maji, S195. Kipenyo cha silinda ni milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 115, ujazo kama sentimita za ujazo 815, nguvu za farasi 12 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kuinua kilimo, kutangazwa mwaka 2009 pawatila ziliongezeka sana kwenye mashamba ya mpunga, na ndizo hizo hizo zinazovuta tela la mavuno hadi leo. Kama yako ni R180 ndogo, ya milimita 80 kwa 80, au ZS1115, ya 115 kwa 115, mwendo wa uchunguzi ni ule ule, ila vipimo chukua kwenye kitabu chake.

Anza na kitambaa

Fungua bomba linalounganisha chujio la hewa na hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda. Viringisha kitambaa cheupe kwenye kidole, kiingize kwenye njia ya hewa upande wa hedi, zungusha mara moja, kitoe. Kikiwa na weusi kidogo wa mafuta, si neno. Kikitoka na vumbi la rangi ya barabara unayopita kila siku, lisugue kati ya vidole viwili karibu na sikio. Ukisikia linakwaruza, basi hiyo ndiyo msasa ambayo silinda yako imekuwa ikinywa. Hata kabla ya kupima chochote unajua mambo mawili: injini hii inaelekea kuchoka kweli, na ukiifufua bila kuziba njia ya vumbi itarudi msimu ujao.

Vumbi linapita wapi? Bakuli la oili kwenye chujio halina oili, au oili imegeuka tope. Mpira wa kuzungushia kati ya bakuli na mfuniko umekauka au umepotea, na mtu akaweka kamba ya katani mahali pake. Bomba limepasuka kwa chini ambako macho hayafiki. Nimeona hata chujio lililotolewa kabisa "ili injini ipumue vizuri" wakati wa kupura. Injini iliyopurishwa mpunga siku tatu bila chujio, ndani ya pumba na vumbi la uwanja, inazeeka kuliko iliyolima misimu miwili.

Inakataa kuwaka, au inawaka kwa kubembelezwa

Kwanza dizeli. Legeza skurubu ya kutolea upepo pale mafuta yanapoingilia kwenye pampu, uache dizeli itoke mpaka mapovu yaishe. Dizeli iliyokaa kwenye dumu la plastiki tangu msimu uliopita ina maji chini, kwa hiyo fungua koki ya chini ya tangi na uchukue kidogo kwenye chupa ya kioo. Maji yatajitenga yenyewe ukisubiri dakika chache. Usishike hendeli ya kuwashia kabla hujamaliza hapa.

Mafuta yakiwa safi na injini bado inagoma, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa mkono. Weka mkono wa mafuta kwenye kusimamisha, toa hendeli, kisha zungusha flaiwili (lile gurudumu zito la pembeni) taratibu kwa mikono miwili bila kugusa kile kiwiko cha kupunguza kompresheni kilicho juu ya kava ya valvu. Injini nzima itakukatalia: ukifika kwenye mgandamizo flaiwili inasimama, ukiiachia inarudi nyuma kama imekanyaga springi. Iliyochoka unaipitisha tu, na ukiwa na utulivu unasikia pumzi ikitoroka.

Sasa fuata ile pumzi, maana hapa ndipo injini inapokwambia ugonjwa wake bila kufunguliwa boliti hata moja. Mtu mmoja ashikilie flaiwili kwenye mgandamizo, mwingine asikilize. Mlio ukitokea kwenye njia ya hewa, valvu ya kuingiza haifungi. Ukitokea kwenye eksozi, ni valvu ya kutolea. Ukitokea ukifungua mfuniko wa kutilia oili, pumzi inapita pembeni ya pistoni, na hapo ringi na slivu (bomba la chuma ambamo pistoni inatembea, wengine wanaita laina) zina kesi ya kujibu. Na kama maji kwenye tangi la juu yanatoa mapovu, tazama hedi gasketi au ufa kwenye hedi.

Kuthibitisha ringi, toa nozeli na utie kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake. Kijiko kimoja tu. Oili nyingi kwenye silinda haigandamiziki, na hendeli itakupiga au konrodi, mkono unaoshika pistoni, itapinda. Kwa kuwa silinda hii imelala, oili inakusanyika upande wa chini, kwa hiyo zungusha flaiwili mara kumi hivi nozeli ikiwa nje ili oili itambae pande zote. Rudisha nozeli upime tena. Kompresheni ikipanda waziwazi, ringi na slivu zimelika. Isipobadilika, rudi kwenye valvu.

Kabla sijasahau, hendeli ishikwe dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini. Injini ikipiga nyuma, mkono ulioshika hivyo unaachia. Mkono uliokumbatia mpini unavunjika.

Moshi

Moshi mweusi hauhusiani na ringi mara nyingi. Unasema mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio limeziba, jembe limezama kupita uwezo, au nozeli inadondosha badala ya kupuliza. Toa nozeli, ifunge kwenye bomba lake nje ya hedi ikitazama mbali na watu, uzungushe injini. Nozeli nzuri inatoa ukungu mwembamba wenye mlio mkavu wa kukoroma, kisha inakata. Mbovu inatoa kamba ya dizeli na kuacha tone kwenye ncha. Usiweke kiganja mbele yake hata kidogo, maana mafuta yanayotoka pale yanapenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano linaweza kukugharimu mkono. Kwa S195 nozeli inafunguka kwenye shinikizo la karibu kilo 125 kwa sentimita ya mraba. Hilo lipimwe na fundi pampu mwenye mashine, haliwezi kukisiwa.

Moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyotoka bila kuungua. Asubuhi ya baridi, ukikata baada ya dakika chache, uache. Ukiendelea hata injini ikipata moto, kompresheni ni ndogo au taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta, imechelewa. Taimingi unaiangalia hivi: legeza nati ya bomba la shinikizo upande wa nozeli, zungusha flaiwili polepole mpaka uone dizeli kwenye mdomo wa bomba inaanza kutikisika, simama hapo hapo, kisha tazama alama za flaiwili dhidi ya alama ya kwenye tangi la maji. S195 huanza kupuliza mafuta kati ya nyuzi 16 na 20 kabla pistoni haijafika juu. Chini ya pampu kuna karatasi nyembamba za shimu. Kupunguza moja kunawahisha, kuongeza kunachelewesha.

Moshi mweupe usionuka dizeli, unaoloanisha kiganja ukiukinga, huo ni mvuke. Maji yanaingia kwenye silinda.

Wa bluu ndio unaoleta watu kwangu, na ndio unaohukumiwa haraka kuliko wote. Uliza kwanza: oili imejazwa kiasi gani, na imepimwa pawatila ikiwa imesimama sawa au imeinamia mbele? Oili ikizidi alama, krenki (shafti kuu ya injini) inaichapa na kuirusha kwenye silinda kuliko ringi zinavyoweza kuikwangua, na utaona bluu kwenye injini nzima kabisa. Punguza, kimbiza nusu saa, tazama tena. Bluu inayotoka injini inapowashwa kisha kupungua, shuku gaidi za valvu, yaani vile vibomba ambamo mashina ya valvu hupita. Bluu inayoongezeka kadiri mzigo unavyopanda, na mfuniko wa oili ukifunguliwa unatoa pumzi nzito zinazopiga kama treni ya mbali, hiyo ni silinda. Hapo tutafungua.

Oili inapanda badala ya kushuka

Mwenye mashine anafurahi kwamba haili oili, kumbe inaongezeka. Chomoa kijiti. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Slivu ya injini hii inaogelea kwenye maji, na chini imezuiwa na mipira miwili ya mviringo. Mipira ikikakamaa au ikikatwa wakati wa kufunga, maji yanashuka kwenye oili. Oili nyepesi inayoteleza kama maji na kunuka dizeli ni jambo jingine kabisa: planja ya pampu, ile pistoni ndogo inayosukuma dizeli, imelika na inavujishia ndani, kwa sababu pampu imekaa kwenye boksi la gia. Usiendeshe injini katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Beringi za krenki zinakufa ndani ya saa chache, na hapo gharama inaruka kutoka mipira miwili hadi krenki.

Juu ya injini kuna kile kiashiria chekundu cha oili kinachopanda injini ikiwaka. Mfundishe dereva kukitazama kabla ya kutia gia. Kisipopanda ndani ya nusu dakika, azime.

Inachemsha

Hapa niwaondoe hofu wengi. Kwenye injini ya tangi la wazi, maji kuchemka ndiyo kazi yake. Inapoozwa kwa mvuke unaopotea, na wajibu wako ni kuongeza maji kile kiboya chekundu kinaposhuka. Tatizo ni maji gani. Ya mfereji yana udongo. Udongo huo unatua kuzunguka slivu na kuganda kama ukoko wa ugali, na sehemu ya slivu iliyofunikwa haipoi tena. Nimekwangua tope gumu la unene wa kidole kutoka injini moja ambayo mwenyewe alikuwa amebadilisha hedi gasketi mara mbili mwaka huo. Na tangi likikauka, usimimine maji baridi juu ya chuma cha moto. Zima, kaa kivulini mpaka kiganja kivumilie kugusa hedi, ndipo uongeze. Ufa kati ya valvu mbili kwenye hedi nyingi ninazotupa ulizaliwa kwa ndoo moja ya maji baridi.

Inagonga

Legeza kidogo nati ya bomba la shinikizo ili silinda ikose mafuta kwa sekunde chache injini ikizunguka, na usikilize kilichobadilika. Mlio mzito unaopotea pale pale mafuta yanapokatika ni beringi ya konrodi au mafuta yanayopulizwa mapema mno. Mlio mkali mara mbili mbili unaelekea kwenye pini ya pistoni na bushi yake. Mlio wa kupigapiga unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto ni pistoni iliyolegea kwenye slivu.

Lakini kabla ya yote hayo shika flaiwili na uitikise mbele na nyuma kwa nguvu. Nati ya flaiwili ikilegea na ufunguo wake (kile kipande cha chuma kinachoifunga kwenye krenki) ukichezacheza, inagonga kama krenki inavunjika, na nimeona injini nzima ikishushwa kwa mlio huo. Mtikisiko mpya uliotokea baada ya fundi mwingine kufungua boksi la gia nao una sababu yake: S195 ina shafti mbili za kusawazisha, na gia zake zikirudishwa jino moja pembeni mashine inaruka hadi mikono ya dereva inakufa ganzi.

Imethibitika imechoka

Osha injini kwanza. Nje yote, kwa dizeli na brashi, kisha maji. Mchanga ulioko nje ukianguka ndani wakati wa kufungua umeanza ukarabati kwa kuharibu. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa alama za gia zikiwa zimekutana, na upande upi wa pistoni ulikuwa juu. Kile kishimo cha kichwani mwa pistoni kina mwelekeo, na ukikigeuza injini itawaka ila nguvu haitarudi.

Ondoa hedi, kisha kava ya nyuma ya boksi la krenki, ufungue kofia ya konrodi kupitia hapo. Kabla ya kusukuma pistoni itoke upande wa hedi, pitisha kucha kwenye mdomo wa slivu, pale ringi ya juu inapoishia. Ukikwama kwenye ngazi, hiyo ngazi ndiyo habari yenyewe: juu yake ni slivu ya zamani ambayo haijaguswa, chini yake ni ilikolika.

Nina sababu ya kukazania ngazi hiyo. Miaka yangu ya mwanzo, mteja mmoja alikuwa na fedha ya ringi tu, nami nikamfungia ringi mpya kwenye slivu ya zamani. Ringi mpya ina kona kali, haijajifunza ile ngazi. Siku ya tisa ya kulima ringi ya juu iliigonga, ikakatika, na kipande kikachora slivu toka juu hadi chini kama msumari kwenye ubao. Mtu yule alipoteza wiki nzima ya kuandaa majaruba, mvua zikiwa zimeshakuja na miche iko kitaluni. Tangu hapo slivu ikikataa kipimo, ringi peke yake siziuzi na wala sizifungi, hata mtu akinisihi. Namwambia asubiri apate fedha ya seti.

Kupima slivu si lazima uwe na kipimo cha ndani cha bei kubwa. Chukua ringi moja mpya na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ingiza ringi chini kabisa ya slivu, mahali pasipolika, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake. Tuseme ni milimita 0.40. Ipandishe hadi chini kidogo ya ile ngazi, upime tena. Tuseme ni 1.35. Tofauti ni 0.95. Igawe kwa 3.14 upate 0.30. Slivu imepanuka milimita 0.30 pale juu kuliko ilivyo chini. Kipimo hiki hakikuonyeshi kama imelika yai, yaani upande mmoja kuliko mwingine, lakini kinatosha kuamua. Binafsi, S195 ikifika 0.25 siirudishii slivu hiyo. Chini ya 0.10, bila mikwaruzo inayoshika kucha, inaweza kuendelea na ringi mpya baada ya kuondoa ngazi na kuikwaruza slivu kidogo kwa jiwe la kuhoni ili ringi zipate mahali pa kujisagia. Katikati ya hapo ni uamuzi wa umri wa mashine na mfuko wa mwenyewe, ila mimi huegemea kubadilisha, kwa sababu slivu ya kuogelea kwenye maji haihitaji kuchongwa kiwandani. Unaitoa, unaingiza nyingine.

Konrodi: futa beringi, itazame kwenye mwanga. Rangi ya kijivu iliyotulia ni afya. Ukiona rangi ya shaba imejitokeza, tabaka la juu limekwisha. Pitisha kucha kwenye jono la krenki, pale beringi inapokaa. Ikikwama, krenki iende kuchongwa na beringi za saizi ya chini, 0.25 au 0.50, zifuate. Usiweke beringi mpya juu ya jono lenye mifereji.

Valvu zijaribiwe kwa mafuta ya taa. Laza hedi, valvu zikiwa zimefungwa na springi zake, ujaze mafuta ya taa kwenye njia ya hewa na ya eksozi. Nenda ukanywe chai. Ukirudi ukakuta unyevu kuzunguka ukingo wa valvu, saga kwa pasta mpaka upate mkanda wa kijivu usiokatika, kisha uoshe pasta yote. Pasta iliyobaki ni vumbi lingine ulilolitia kwa mkono wako.

Kurudisha

Seti mpya huja na slivu, pistoni, pini, ringi, vifungio vya pini na mipira. Ipime kabla ya kuifunga. Upya wake haunihakikishii chochote. Nimewahi kununua seti ambayo mwanya wa ringi ulikuwa karibu sifuri, na ningeifunga hivyo, ncha zingekutana injini ikipata moto, ringi ikaumana na slivu. Kwa kipenyo cha 95 nataka mwanya wa kati ya 0.30 na 0.50. Ukiwa mdogo, ongeza kwa tupa ndogo ukikata kuelekea ndani, kidogo kidogo, ukipima kila mara.

Safisha kitako cha slivu kwenye bloku mpaka kiwe chuma kitupu. Paka mipira sabuni ya maji, isipindike kwenye mfereji wake, na ubonyeze slivu kwa mikono na ubao. Ukihitaji nyundo, kuna kitu kibaya: toa, tazama. Ikishakaa, ukingo wake unatakiwa kuchomoza kidogo sana juu ya uso wa bloku ili hedi gasketi iubane. Kisha, kabla ya pistoni, jaza maji kwenye tangi na uache yakae usiku mzima. Asubuhi chungulia ndani ya boksi la krenki kwa tochi. Ni usiku mmoja tu wa kungoja, na unakuepusha na ile chai ya maziwa.

Ringi zenye alama ziangalie upande wa hedi. Mianya yake itawanywe, isipangwe mstari mmoja na isielekee pini. Oili nyingi kwenye slivu, kibanio cha ringi, na usukume pistoni kwa mpini wa nyundo. Ikigoma ghafla, ringi moja imetoka kwenye kibanio, ukiipiga unaivunja. Kofia ya konrodi irudi upande wake kwa namba zake, na boliti zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu, hatua kwa hatua. Zungusha krenki baada ya kukaza kila boliti. Ikianza kushika, simama.

Hedi ikazwe kwa msalaba, kwa awamu tatu. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, kwa injini baridi: milimita 0.35 ya kuingiza, 0.45 ya kutolea. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, shikilia kile kiwiko cha kompresheni, mafuta yakiwa yamekatwa, uzungushe kwa hendeli mpaka kiashiria cha oili kinyanyuke.

Andaa pia ubao au gunia lililokunjwa karibu na mdomo wa chujio. Gavana, yaani kidhibiti mwendo, ikifungwa vibaya injini inaweza kupanda mwendo bila kikomo, na njia ya uhakika ya kuizima ni kuinyima hewa. Usitumie kiganja.

Saa 50 za kwanza

Usiiache inguruma polepole nusu siku ukidhani unaitunza. Bila mzigo wowote ringi hazisukumwi kwenye slivu, na slivu inang'aa kama kioo kabla hazijajisagia. Ipe saa moja bila mzigo ukibadilisha mwendo, halafu ivute tela tupu barabarani, halafu ilime udongo mwepesi bila kuzamisha jembe. Moshi wa bluu kidogo siku mbili tatu za mwanzo usikutishe. Kaza tena nati za hedi baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza, kisha rudia kupima tapeti, kwa sababu zitakuwa zimebadilika.

Ikifika saa 50, mwaga oili ikiwa ya moto na utie mpya. Baada ya hapo ni kila saa 100. Chuja ile ya kwanza kwa kitambaa: unga mwembamba wa chuma ni wa kawaida, vipande vinavyoonekana kwa jicho si vya kawaida. Kaza nati ya flaiwili. Fungua bomba la hewa, viringisha kitambaa kingine cheupe kwenye kidole, ukiingize pale pale ulipoanzia. Kikitoka safi, mkabidhi mwenyewe mashine yake akaingie jarubani.